Sanduku la makaratasi ya zamani: kulifungua, kulipanga na kulisoma, Tabora na Ujiji

Nyumba nyingi za zamani za Tabora mjini, Kwihara na Ujiji zina sanduku la aina hii. Ni la bati au la mbao, limekaa chini ya kitanda cha bibi au juu ya dari, na ndani yake mna barua za herufi za Kiarabu, risiti za kodi, cheti cha ubatizo, kadi ya TANU, picha za watu wasiojulikana na wajukuu, na msahafu uliokatika jalada. Kwa kawaida hufunguliwa wakati wa msiba au wa kesi ya kiwanja, watu wakiwa na haraka. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Mikono yenye nia njema huweza kuharibu kwa alasiri moja kile ambacho mchwa wameshindwa kukimaliza tangu enzi za Wajerumani.

Maelezo haya ni ya familia yenye sanduku, na pia ya mwalimu, imamu, katibu wa parokia au mzee wa mtaa aliyekabidhiwa makaratasi ya watu ili yatunzwe kwenye chumba cha historia.

Kabla ya kuinua karatasi ya kwanza

Sogeza sanduku hadi kwenye meza safi karibu na dirisha, pasipopigwa na jua moja kwa moja. Piga picha ya sanduku likiwa wazi, kisha picha nyingine kila unapotoa tabaka. Mpangilio uliomo, hata ukionekana fujo tupu, ni ushahidi. Barua isiyo na tarehe iliyofungwa uzi mmoja na hati ya deni ya mwaka 1305 wa Hijria imekwisha kupata tarehe ya kukisia kabla hujasoma neno. Ukikata uzi ule ukaanza kutenga, za Kiarabu huku, za Kiswahili kule, picha pembeni, ushahidi huo umekwenda na haurudi. Tukiulizwa kosa kubwa kuliko yote ni lipi, tunataja hili, wala si mchwa.

Kwa sanduku lenye karatasi kama 300 andaa hivi: shuka mbili nyeupe za pamba zilizofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo, rimu moja ya karatasi nyeupe za fotokopi, penseli mbili za 2B, brashi mpya ya rangi, laini, ya inchi moja, rula, kaunta buku moja, utepe wa pamba meta 10, na barakoa. Kalamu ya wino isikaribie meza kabisa, wala chai. Kitambaa cha marekani kinafaa mahali pa shuka, ila kichemshwe kwanza kitoke wanga, maana wanga ni chakula cha mende.

Mikono ioshwe na ikauke vizuri, bila mafuta ya kujipaka. Glavu za kitambaa zinazoonekana kwenye televisheni hazisaidii kwa karatasi: vidole vinakosa hisi, na ukingo uliopasuka hunasa kwenye uzi. Glavu zitumike kwa picha na negativu tu, na zile nyembamba za hospitali ndizo bora.

Namba kwanza, usomaji baadaye

Kishawishi ni kukaa na kusoma barua ya kwanza inayovutia. Jizuie. Kila karatasi ipate namba kabla haijasomwa, kwa sababu siku ya pili hakuna atakayekumbuka ipi ilitoka wapi. Namba fupi yenye sehemu nne yatosha: KW-1-04-012, yaani Kwihara, sanduku la kwanza, jalada la nne, karatasi ya 12. Kila furushi lililofungwa pamoja liwe jalada lake. Uzi wa zamani usitupwe, uwekwe ndani ya jalada hilo.

Andika namba kwa penseli, kidogo sana, nyuma ya karatasi kwenye pembe ya chini. Usikandamize. Kama karatasi imekwisha kuoza kiasi cha kuchanika kwa ncha ya penseli, ikunjie karatasi nyeupe uandike kwenye hiyo. Muhuri wa mpira wenye jina la taasisi, ambao baadhi ya watunzaji hupenda kuugonga kila ukurasa, haufai: wino wake hupenya upande wa pili na hautoki.

Kwenye kaunta buku, kila namba iwe na mstari wake: aina ya karatasi, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe iliyogeuzwa, lugha na aina ya herufi, imetoka kwa nani kwenda kwa nani, mahali palipotajwa, inahusu nini, idadi ya karatasi, na hali yake. Mfano: «KW-1-04-012. Barua. 12 Mfunguo Sita 1305. Mwisho wa Novemba 1887. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, salamu kwa Kiarabu. Kutoka Unguja kwa ndugu aliyeko Unyanyembe. Pembe za ndovu na deni la nguo. Karatasi 1, imeandikwa pande mbili. Tundu la mchwa pembe ya kulia.» Usiandike «barua ya kale ya Kiarabu». Maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote, na mara nyingi si kweli, kama itakavyoonekana mbele.

Kusafisha kidogo, kutengeneza kabisa hapana

Vumbi liondolewe kwa brashi kutoka katikati kwenda ukingoni, mkono mmoja ukishikilia karatasi. Ukifika ukingoni inua brashi, usirudi nayo kinyume, kwani hapo ndipo karatasi huchanika. Kitambaa chenye maji, hata unyevu kidogo, kisiguse chochote. Sababu iko kwenye wino.

Makaratasi ya huku yana wino wa aina tatu hasa, na kila mmoja una ugonjwa wake. Wino mweusi wa masizi na gundi ya mti haupauki hata kwa miaka mia, lakini umekaa juu ya karatasi tu; tone la maji huuyeyusha. Wino wa chuma, ambao ulikuwa mweusi na sasa ni wa kahawia, hula karatasi yenyewe: utaona kivuli cha kahawia kuzunguka herufi, kisha mpasuko, kisha herufi nzima inadondoka na kuacha tundu. Unyevu huuharakisha, kwa hiyo karatasi zenye wino huu ndizo za kuwekwa mahali pakavu zaidi, na zisikunjwe tena kwenye mstari wa maandishi. Wa tatu ni ile penseli iliyotumiwa sana na makarani wakati wa Wajerumani na Waingereza: inaonekana ya kijivu kama penseli yoyote, lakini ikilowa hugeuka zambarau na kusambaa ukurasa mzima. Ukiona hata doa moja la zambarau kwenye risiti, jua karatasi zote za furushi hilo ziko hatarini.

Madoa nayo yaacheni. Kwenye tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta tu, ٠, na tano ni duara, ٥. Mwaka ١٣٠٥ ukikutana na kifutio cha mtu mwenye bidii hubaki tarakimu tatu, ukakosa tarehe kwa sababu ya usafi.

Pini, klipu na stepla zilizoshika kutu zitolewe, kwa sababu kutu hutoboa. Usizivute. Weka kipande cha karatasi ngumu chini, nyanyua miguu ya stepla mmoja mmoja kwa ncha ya kisu kisicho kikali, kisha isukume itokee upande wa juu. Kama kutu imegandana na karatasi, iache na uandike hivyo kwenye kaunta buku. Raba bendi zitolewe zote, hata mpya.

Selotepu ndiyo adui anayependwa kuliko wote. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka njano, kisha plastiki hubanduka na kuacha doa ambalo hata fundi wa kumbukumbu hulitoa kwa shida. Iliyokwisha kubandikwa usiibandue. Na lamineshini ya steshenari, ile ya kupitisha kwenye joto, ni mwisho wa hati: haifunguki tena, joto lake huharibu picha na wino, na mahakamani hati iliyofunikwa namna hiyo ni vigumu kuikagua karatasi na muhuri wake. Cheti cha zamani kilichochanika vipande viwili kiwekwe ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa kama kitabu, vipande vikiwa vimekaribiana, basi.

Hati iliyoviringishwa ipimwe kwanza. Ikikubali kufunguka bila kutoa mlio wa kuvunjika, iweke kati ya karatasi nyeupe chini ya ubao na kitabu kizito kwa siku mbili. Ikianza kulia au kuonyesha ufa, irudishe ilivyo, iviringishe nje ya bomba la karatasi ngumu lililofunikwa kwa karatasi nyeupe, na nje uifunge marekani.

Mchwa, ukungu na joto la bati

Sanduku la bati ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Mchwa hawalitoboi wala panya. Kasoro yake ni joto na jasho: likiwa juu ya dari chini ya mabati, Septemba na Oktoba karatasi ndani yake hukauka mpaka zinavunjika, na mvua za kwanza zikianza usiku wa baridi huleta matone upande wa ndani wa kifuniko. Literemshe. Liweke chumba cha ndani, juu ya matofali au mbao, sentimeta 15 kutoka sakafuni na angalau 10 kutoka ukutani, ili uone njia ya udongo ya mchwa ikianza kupanda. Ukuta wa nje, na hasa ule wa upande wa bafu, haufai.

Karatasi hutulia vizuri hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 35 hadi 55. Ukivuka 65 kwa siku kadhaa, ukungu huamka. Tabora wakati wa kiangazi tatizo ni ukavu. Kigoma na Ujiji, karibu na ziwa, tatizo ni unyevu wa kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo wa Tabora afunge sanduku lake vizuri na kulikinga na joto, na wa Ujiji alifungue asubuhi kavu mara moja kwa mwezi na kuweka vipakiti vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, gramu 200 hivi kwa sanduku la kawaida. Chagua silika inayobadilika rangi. Ikibadilika, ikaushwe kwenye jiko la kuokea na kurudishwa. Mchele haufai, unaita fukusi na panya. Siku ya mvua sanduku lisifunguliwe.

Majani ya mwarobaini yamo kwenye masanduku mengi. Yakiwa mabichi yanaleta unyevu na doa la kijani. Yakikauka yanakuwa vumbi la kulisha wadudu wengine. Mtu asiyetaka kuyaacha ayaweke kwenye kifuko cha kitambaa nje ya sanduku, sio kati ya kurasa. Naftalini ni mbaya zaidi, kwa karatasi za picha na kwa mapafu ya mwenye chumba. Dawa ya kupuliza isielekezwe kwenye karatasi hata kidogo. Mchwa hutibiwa sakafuni na msingini.

Ukikuta wadudu hai, njia salama ni baridi. Funga makaratasi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, bandika mdomo vizuri, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika kutwa, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo mvuke utaganda juu ya karatasi baridi. Ujiji friza zipo nyingi, lakini isiwe ile yenye dagaa. Picha za vioo, vitu vya ngozi na msahafu wenye jalada la ngozi zisiingizwe.

Ukungu mkavu hufutika kwa brashi, nje ya nyumba, upepo ukiwa nyuma yako, barakoa usoni. Ukungu unaolowa na kunata hauguswi: kwanza ukaushe mahali penye hewa na kivuli. Na karatasi zilizolowa kwa paa kuvuja zina saa 48 kabla ukungu haujaota. Zitandaze kivulini juu ya shuka, feni ikipuliza pembeni bila kuzielekea, na kitabu kiwekewe karatasi nyeupe kila baada ya kurasa kumi, ukizibadilisha kila saa chache. Juani zitakauka haraka, lakini zitajikunja na kupauka. Zikiwa nyingi mno kuliko mikono iliyopo, zifunge na kuziingiza friza, zitangoja.

Baada ya hapo kila jalada ni karatasi nyeupe iliyokunjwa, na majalada kumi hadi kumi na tano yafungwe pamoja kwa utepe wa pamba, bila kukaza. Magazeti ya zamani yakae peke yao, kwa kuwa asidi yake huhamia karatasi za jirani. Utaiona kama kivuli cha njano chenye umbo la kipande cha gazeti. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali ya PVC hunata na kung'oa wino wa fotokopi. Iliyoandikwa PP au PE ni salama.

Picha za watu

Nyuma ya picha mara nyingi pana muhuri wa studio, na huo ni nusu ya taarifa. Kwa hiyo picha iliyobandikwa kwenye albamu isibanduliwe kabla ya kujaribu kuinua pembe. Ikikataa, piga picha ukurasa mzima. Picha iliyogandana na kioo cha fremu ibaki na kioo chake. Negativu zenye harufu ya siki zimeanza kuoza, zitengwe na nyingine mara moja.

Majina yaulizwe sasa, wazee wakiwapo. Chukua simu, washa kinasa sauti kwa ruhusa, uweke picha mkononi mwa mzee na kuuliza kwa mpangilio: «Shikamoo bibi. Tuanzie kushoto: huyu aliyesimama mwenye kanzu ni nani kwako? Na hapa ni wapi, pale Gongoni au kwingine?» Swali la «ni nani kwako» hutoa ukoo, swali la «unamjua?» hutoa ndiyo au hapana. Mzee akisema «huyu simjui», andika kwamba hakumjua, na jina la aliyeulizwa, ili mwingine asirudie kumsumbua. Majina yaandikwe kwenye kaunta buku, na nyuma ya picha namba tu.

Kupiga picha kwa simu

Skana si lazima. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha kwa A4, kwani nukta 300 kwa inchi zinahitaji 2480 kwa 3508, yaani chini ya megapikseli tisa. Kinachoharibu ni mkono kutetemeka, kivuli na pembe. Simu iwekwe juu ya stuli yenye tundu au rafu inayotokeza, ikitazama chini sambamba na meza, na utumie kihesabu cha sekunde mbili ili usiiguse. Mwanga utoke dirishani upande mmoja, na upande wa pili usimamishe karatasi nyeupe kubwa iurudishe. Flashi izimwe. Weka rula pembeni ya kila picha.

Zima ile programu ya kugeuza ukurasa uwe mweupe kabisa. Inapendeza kwa risiti ya dukani, lakini hufuta alama za ndani ya karatasi, wino uliopauka na mihuri ya rangi hafifu. Chini ya karatasi nyembamba tandika karatasi nyeusi ili maandishi ya nyuma yasionekane. Piga nyuma hata kama panaonekana patupu. Hati kubwa ipigwe nzima mara moja, kisha vipande vinavyopishana kwa sentimeta tatu. Kitabu cha herufi za Kiarabu kianze kulia, na namba za picha zifuate hivyo hivyo.

Jina la faili liwe ile namba: KW-1-04-012a.jpg kwa mbele, 012b kwa nyuma. Karatasi 300 ni picha 600, na kwa megabaiti tano kila moja ni gigabaiti tatu tu. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski iliyo nyumba nyingine, na kwenye akaunti ya intaneti. Kutuma kwa WhatsApp kama picha hupunguza ukubwa na kuharibu herufi ndogo. Itume kama dokumenti. Kila mwaka fungua picha ishirini za kubahatisha kwenye diski ile uone kama zinasomeka.

Kusoma na kutia tarehe

Barua nyingi za njia ya misafara zinaanza na kumalizika kwa Kiarabu cha adabu, «ila jenabi», yaani «kwa mheshimiwa», na dua ndefu, na katikati ni Kiswahili kitupu. Ndiyo maana anayesoma mistari miwili ya juu huandika «Kiarabu» na kumpelekea mtu asiyejua Kiswahili. Tafuta maneno kama «wa baada», «nakuarifu», «pembe» (za ndovu), «frasila» (kipimo cha uzito).

Herufi za Kiarabu za zamani hazikuwa na mahali pa sauti zetu zote. Be ilibeba b na p, na pia mb na mp, kwa sababu m na n zilizotangulia konsonanti mara nyingi hazikuandikwa. Fe ilibeba f na v. Ghaini ilibeba gh, g na ng. Ye ilisimama kwa i na e, waw kwa u na o. Kwa hiyo soma kwa sauti, jaribu uwezekano wote, na uache sentensi ichague. Jina la mahali lisiloeleweka lijaribiwe kwa mtu wa eneo hilo kabla ya kuandikwa. Kila unapokisia weka alama ya kuuliza. Makisio yasiyo na alama hugeuka historia baada ya miaka kumi.

Kurasa zilizotawanyika za kitabu cha mkono zina msaada wake: chini ya ukurasa wa kulia, pembe ya kushoto, mwandishi ameandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Fuata maneno hayo na kitabu kitajipanga. Inua karatasi kwenye mwanga pia. Hilali tatu zilizopangwa mstari ni alama ya karatasi za Italia zilizouzwa kwa wingi nchi za Waislamu.

Msahafu uliochakaa kwa desturi huzikwa au huchomwa kwa heshima. Kabla ya hapo, mwenye udhu afungue kurasa tupu za mwanzo na za mwisho na pambizo zote. Hapo ndipo baba wa nyumba waliandika siku ya kuzaliwa mtoto, kifo, safari, na deni. Kurasa hizo zipigwe picha kwanza. Biblia na vitabu vya sala vya familia za kimisheni ni vivyo hivyo.

Mwaka wa Hijria huzidishwa kwa 0.97 kisha hujumlishwa 622: 1305 mara 0.97 ni 1265.85, ongeza 622, unapata 1887.85. Makosa hayazidi mwaka. Kwa siku kamili tumia jedwali, ukikumbuka kwamba siku huanza magharibi, kwa hiyo barua iliyoandikwa usiku itapishana kwa siku moja. Miezi imeandikwa pengine kwa Kiswahili: Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Nne ni Muharram, Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi, Mfunguo Tisa ni Jumada ya pili, kisha Rajabu, Shabani na Ramadhani kwa majina yake. Tahadhari hapa: Mfunguo Mosi, Pili na Tatu ni miezi ya mwisho ya mwaka wa Hijria, si ya mwanzo.

Karatasi isiyo na tarehe hufungwa kwa vitu vinavyotajwa. Rupia na pesa ni kabla ya mageuzi ya 1904. Rupia na heller ni baada yake. Florini ni mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipindi kifupi mno, kisha zinafuata shilingi na senti. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, basi barua inayosema mzigo umekuja kwa gari moshi kutoka pwani haiwezi kuwa ya mapema kuliko hapo. Tahajia nayo inasema: «Udjidji», «Unjamwesi», «sch» mahali pa «sh» ni mkono uliosoma kwa Wajerumani. Tahajia tuliyonayo ilisimikwa baada ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi 1930, ingawa wazee waliendelea na ya kwao.

Bahasha zisitupwe, na stempu zisibanduliwe, hata mkusanyaji akitoa bei nzuri. «Deutsch-Ostafrika», jina la koloni la Wajerumani, ni kabla ya vita kuisha huku. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na Kigoma na Ujiji zilibaki mikononi mwao hadi 1921. Kwa hiyo cheti cha Kifaransa cha serikali kutoka Ujiji karibu hakika ni cha miaka hiyo mitano. Herufi G.E.A., kifupi cha jina hilo kwa Kiingereza, juu ya stempu ya Waingereza ni baada ya hapo au sambamba nayo upande wao. Twiga na neno Tanganyika ni kuanzia 1922, na Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja ni kuanzia 1935. Kadi ya TANU iko kati ya Julai 1954 na Februari 1977, na namba yake pamoja na tawi zinastahili kuandikwa zote.

Yaliyo ya siri, na kukabidhi

Masanduku ya huku yana hati za talaka, madeni yasiyolipwa, na pia karatasi za utumwa: hati za kuachwa huru zilizotolewa na maofisa wa Kijerumani, au orodha za watu wa nyumba. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika 1922, lakini majirani bado wanajua nani alitoka wapi. Karatasi hizo zisichomwe wala zisibandikwe ukutani. Ziorodheshwe kwa maneno makavu, ziwekwe jalada lake, na familia iamue nani azisome na baada ya miaka mingapi. Za watu walio hai zina ulinzi wa sheria ya taarifa binafsi ya 2022, basi namba za vitambulisho na habari za afya zisitoke nje. Na barua si mali ya anayeishika kwa kila hali: haki ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo kuitunza ni jambo moja na kuichapisha ni jingine.

Hati za kiwanja na mirathi asili zibaki kwa familia, chumba cha historia kipokee picha tu. Mengine yakikabidhiwa, iwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, parokia au shule, andikeni kwanza kama ni zawadi au amana. Amana inarudishwa mkiitaka, zawadi hairudi. Mkataba uwe na orodha ya namba zote, nani anaruhusiwa kunakili, majalada yaliyofungwa na mwaka wa kufunguliwa, na jina la mwanafamilia wa kuulizwa pamoja na wa kumrithi. Usiseme «makaratasi ya marehemu, sanduku moja». Sainini nakala mbili, kila ukurasa, na ya kwenu iwe karatasi ya kwanza ya jalada la kwanza.